Uvira: Shule ya kanisa, mshahara wa Serikali, na hesabu isiyobandikwa ukutani

Katika kata nyingi za Uvira, kuanzia Kavimvira kwenye mpaka wa Burundi hadi Kalundu bandarini, mzazi anaweza kupita mbele ya shule tatu za msingi kwa mwendo mfupi wa miguu. Ya kwanza ni ya Serikali moja kwa moja. Ya pili ina jina la mtakatifu, au namba ya komunote ya Kiprotestanti, limeandikwa ukutani. Direkta wake ametumwa na kanisa, lakini walimu wake wanalipwa na Kinshasa. Ya tatu ni ya mtaa. Ina wanafunzi, ina walimu, pengine ina hata karatasi ya kukubaliwa na wizara. Mshahara wa Serikali haina.

Zote tatu zinafundisha programu moja, na watoto wa darasa la sita wanaketi kwenye mtihani mmoja wa taifa. Tofauti inaonekana siku feza inapoulizwa. Nani aliileta, nani aliishika, na mzazi akitaka kuona hesabu, agonge mlango gani?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure nchini kote. Watu wa Uvira wanaiita tu gratuite. Mwaka wa masomo 2025-2026 ulifunguliwa huku gratuite ikiwa imetimiza miaka sita, na bado kulikuwa na wazazi waliorudishiwa mtoto nyumbani na kikaratasi mkononi.

Haikuwa zawadi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Kwa miaka kumi na mitatu sentensi hiyo ilikaa kwenye karatasi. Mwaka 2010 Serikali ya Joseph Kabila ilijaribu kuitekeleza kidogo kidogo, ikianza na madarasa ya chini na kuacha nje miji mikubwa ya Kinshasa na Lubumbashi. Mashuleni mabadiliko hayakuonekana sana, kwa sababu mwalimu aliendelea kulipwa na mzazi.

Mkataba wa mwaka 1977

Kwa msomaji wa Marekani, shule inayolipwa na feza ya umma lakini inayoongozwa na shirika lisilo la Serikali inaitwa charter school. Sheria ya kwanza ya shule hizo ilipitishwa katika jimbo la Minnesota mwaka 1991, na watu walidhani ni jambo jipya. Kongo ilikuwa na mfano wake tangu zamani, chini ya jina la école conventionnée, na kwa lugha ya nyumbani, shule ya mkataba.

Mkataba wenyewe ulitiwa sahihi tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali ya Zaire na makanisa ya Katoliki, Kiprotestanti na Kikimbangu. Waislamu waliingia baadaye, na jumuiya nyingine za dini pia. Ulikuwa mkataba wa kurudisha nyuma kosa: mwishoni mwa 1974 Mobutu alikuwa amewanyang'anya wamisionari na makanisa shule zao zote na kuzifanya za Serikali. Serikali haikuweza kuziongoza. Chini ya miaka mitatu ikawaita wenyewe warudi.

Lakini hawakurudi kama wenye mali wa zamani. Waligawana kazi. Serikali inaweka programu ya masomo, inatuma wakaguzi, inatoa diploma na inalipa mishahara. Kanisa linasimamia shule kila siku: linachagua wakuu wa shule, linapanga walimu, linawahamisha, linasimamia nidhamu. Kila mtandao una ofisi yake ya kuratibu, kuanzia taifa hadi dayosisi au eneo. Mwalimu wa shule ya Kikatoliki ya Uvira ana bosi kwa upande wa dayosisi na bosi mwingine kwa upande wa Serikali. Mwenzake wa shule ya CEPAC au ya CELPA ana hali ileile kwa upande wa Waprotestanti.

Ukanda huu wa ziwa hauwezi kusema habari za elimu bila makanisa. Wapentekoste kutoka Sweden na Norway walifika Kivu katika miaka ya 1920, na komunote walizozizaa zina shule kuanzia bonde la Ruzizi hadi Fizi. Dayosisi ya Uvira, iliyoundwa 1962, ina mtandao wake. Hata wakati wa Wabelgiji feza ya umma ilipita mikononi mwa dini, na haikupita kwa usawa: misioni za Kikatoliki za Kibelgiji zilipata msaada wa koloni tangu miaka ya 1920, na za Kiprotestanti zikasubiri hadi mwisho wa miaka ya 1940. Leo, nchini kote, zaidi ya thuluthi mbili ya shule za msingi za umma zinasimamiwa na dini. Mtu anayesema "shule ya Serikali" Kongo, mara nyingi anazungumza juu ya shule ya kanisa.

Mkataba wa Minnesota na ule wa 1977 vinatofautiana mahali pamoja muhimu. Kule, shule inapewa muda, na muda ukiisha kuna mtu wa kusema imefaulu au imeshindwa. Ikishindwa, inaweza kupokonywa mkataba na kufungwa. Mkataba wa Kongo uliandikwa kati ya wakubwa wawili, Serikali na kanisa, na hakuna shule moja moja iliyoweka sahihi yake chini. Shule ikiharibu hesabu, direkta anaweza kuhamishwa. Mkataba unabaki palepale.

Primu iliyogeuka kodi

Ili kuelewa kwa nini mzazi wa Kongo ana mashaka na neno "bure", ni lazima kurudi nyuma kwenye miaka ya 1980 na 1990.

Zaire ilipobanwa na madeni, elimu ilikatwa kwenye bajeti kabla ya mambo mengine. SECOPE, ofisi ya kuhesabu na kulipa walimu, ilizaliwa wakati huo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupunguza majina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa umeliwa na kupanda kwa bei hadi haukuweza kununua gunia la mihogo. Walimu wakagoma, shule zikafungwa. Kilichozifungua ni makubaliano kati ya wasimamizi wa shule, Wakatoliki wakiwa mbele, na wazazi: mzazi atoe kitu kidogo cha kumpa mwalimu moyo, mpaka Serikali itakaposimama tena. Kitu hicho kikaitwa prime de motivation. Walisema ni kwa muda.

Muda huo ulidumu karibu miaka thelathini. Na primu haikubaki kwa mwalimu peke yake. Kila mwaka, mwanzoni mwa masomo, gavana wa jimbo alitoa amri ya kupanga ada za shule, na ndani ya amri hiyo kulikuwa na mgao: sehemu ya shule, sehemu ya ofisi ya kanisa inayosimamia, sehemu ya sudivizio, sehemu ya ofisi ya jimbo. Feza iliyokusanywa darasani ilipanda ngazi kama maji yanayovutwa na pampu. Ofisi ambazo Serikali haikuzipa feza ya karatasi wala ya mafuta ziliishi kwa feza hiyo.

Watafiti Kristof Titeca na Tom De Herdt, walioandika juu ya elimu ya Kongo mwaka 2011, walionyesha kwamba ndiyo sababu shule hazikufa wakati Serikali ilipoanguka: kila mmoja alikuwa na faida ya kuziacha wazi. Ni kweli. Lakini upande wa pili wa ukweli huo ni kwamba ofisi iliyotakiwa kumkagua direkta ilikuwa inakula kwenye sahani ya direkta. Mkaguzi wa namna hiyo atamkemea nani?

Tuchukue mfano tu. Shule yenye watoto 600 ikiomba faranga 2,000 kwa kila mtoto kwa mwezi, inakusanya 1,200,000. Kwa mama anayeuza ndagala Kalundu na mwenye watoto wanne pale, ni faranga 8,000 kila mwezi, na hapo bado kuna madaftari, viatu na sare. Kwa upande wake ni pesa ya kuhesabu kwa vidole. Kwa upande wa shule ni milioni moja na zaidi, iliyoandikwa kwenye daftari moja, na daftari liko ndani ya droo ya mtu mmoja.

Gratuite na mashimo yake

Agosti 2019, kabla masomo hayajafunguliwa, Serikali iliitisha mkutano mkubwa Kinshasa kuhesabu gharama. Makadirio yalipita dola bilioni 2.6 kwa mwaka. Bajeti yote ya nchi wakati huo haikuwa mbali sana na mara mbili ya kiasi hicho. Kila mtu aliyekuwa pale alijua kwamba hesabu haitoshi; uamuzi ulikuwa wa kisiasa, na pengine bila mtu kupiga ngumi mezani usingefanyika kamwe.

Watoto waliitika. Serikali hutaja zaidi ya milioni nne walioingia au kurudi shuleni. Pembezoni mwa ziwa, madarasa yaliyokuwa na watoto 50 yalipata 100 na zaidi, wengine wameketi chini, wengine dirishani. Wasichana waliokuwa wakibaki nyumbani ili kaka asome walipata nafasi, na hiyo peke yake ni faida ambayo hakuna mtu wa haki anayeweza kuidharau.

Halafu mwaka wenyewe ukavunjika. Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya Covid-19. Mwezi uliofuata, tarehe 16 na 17 Aprili, mvua ilishusha mto Mulongwe na mito mingine juu ya Uvira. Watu makumi walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na shule zilikuwa kati ya majengo yaliyoharibika au kujaa waliokosa makazi. Baadaye Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda na kula kata za chini, na likarudia tena mwaka 2024. Gratuite inalipa mwalimu. Ukuta ulioanguka haumo kwenye mpango wake, na mahali ukuta unaposimamishwa upya kwa haraka, mara nyingi ni kwa michango ya wazazi au kwa msaada wa mashirika.

Shimo lingine liko kwenye feza ya kuendesha shule, ile ya chaki, karatasi na ufagio. Kinshasa iliahidi kuituma kila mwezi, shuleni na kwenye ofisi za usimamizi, badala ya ule mgao wa zamani. Inafika kwa kuchelewa, na mara nyingine haifiki. Direkta aliyekatazwa kuomba feza na ambaye hakuletewa feza ana njia mbili: kufunga mlango, au kuita kamati ya wazazi na kutafuta jina jipya la ada ya zamani. Ndiyo maana kikaratasi kinarudi kikiitwa mchango wa benchi, au wa mlinzi, au wa mtihani. Kwa sheria kimekatazwa. Kwa desturi kinajadiliwa, na mzazi asiyejua kujadili analipa.

Walimu walioandikwa, walimu wasiolipwa

Jambo linalouma zaidi kwenye shule za mtaa lina herufi mbili: NU, yaani nouvelles unités. Ni walimu ambao shule inawajua na ofisi inawajua, lakini hawajaingia kwenye listi ya malipo. Kuna pia NP, wasiolipwa, ambao wana namba na hawana mshahara.

Njia ya kutoka shule ya mtaa hadi shule inayolipwa ni ndefu. Watu wa kijiji au wa kata, au mchungaji, wanaanza na miti na mabati. Wanaomba amri ya wizara ya kuikubali shule. Wakiipata, wanaomba iingizwe kwenye kompyuta za SECOPE, ambayo leo imekuwa DINACOPE. Ikiingia, wanasubiri iwekwe kwenye bajeti. Ikiwekwa kwenye bajeti, wanasubiri jina la kila mwalimu litoke. Kila hatua ni safari ya faili kutoka Fizi au Lemera hadi Uvira, kutoka Uvira hadi Kinshasa, kilomita zaidi ya elfu moja na mia tano, na Kongo haina barabara ya kuwaunganisha. Faili isiyo na mtu wa kuisukuma Kinshasa inalala.

Kabla ya 2019, mwalimu wa namna hiyo alikuwa na primu ya wazazi. Gratuite ilimkuta akiwa hana mshahara, na ikamwondolea primu. Hapo ndipo shule nyingi za umma, za Serikali na za makanisa, zilipobaki na chaguo lisilo zuri: kumwambia mwalimu afundishe bure, au kumwambia mzazi alipe elimu ya bure. Katika vilima vya Itombwe na kwenye pwani ya Fizi, ambako shule nyingi zilizaliwa na watu wenyewe wakati wa vita, tatizo hili ni kubwa kuliko mjini.

Anayelipwa naye ana yake. Tangu 2011 mishahara ya watumishi wa Serikali ilianza kupitishwa benki, na mahali pasipo na benki kazi ilipewa watu wengine, Caritas-Congo akiwemo. Ilikuwa hatua kubwa: mshahara haukuwa tena kwenye mfuko wa mjumbe aliyetoka nao Bukavu. Lakini kwa mwalimu wa milimani, kwenda kuchukua mshahara bado ni siku kadhaa za njia, na siku hizo darasa linabaki bila mtu.

Septemba 2024 hasira ilifika juu. Walimu wa shule za umma katika Kivu Kusini, kama katika majimbo mengine, walikataa kufungua mwaka wa masomo. Wengi walidai mshahara unaolingana na dola 500, na waliikumbusha Serikali ahadi ilizozitia sahihi na vyama vya walimu, zikirudi nyuma hadi makubaliano ya Mbudi ya mwaka 2004. Waziri wa elimu, Raïssa Malu, alikuwa na miezi michache tu kazini. Kwa wiki nyingi watoto wa shule za umma walibaki nyumbani, huku wa shule za kibinafsi wakipita barabarani na mifuko yao. Mzazi aliyekuwa na uwezo alihamisha mtoto. Asiyekuwa nao alingoja.

Feza iliyopotelea juu

Wazazi wakilalamika juu ya direkta wa kata, ni vizuri kukumbuka kwamba kesi kubwa zilizofika mahakamani hazikutoka Uvira. Zilitoka Kinshasa.

Mwaka 2020 Ukaguzi Mkuu wa Feza, IGF, chini ya Jules Alingete, uliingia kwenye hesabu za gratuite na kukuta shule ambazo hazipo na walimu ambao hawapo, wote wakiwa kwenye listi. Mkaguzi mkuu wa elimu, Michel Djamba, na mkurugenzi wa SECOPE, Delphin Kampayi, walikamatwa, na mwaka 2021 mahakama ikawahukumu miaka 20 ya kazi ngumu kila mmoja. Waziri wao, Willy Bakonga, alikamatwa Aprili mwaka huohuo akiwa amevuka mto kwenda Brazzaville, na akahukumiwa miaka mitatu kwa kusafisha pesa na kuzihamisha nje ya sheria. Benki ya Dunia, iliyokuwa imeidhinisha dola milioni 800 mwezi wa Juni 2020 kusaidia gratuite, ilichelewesha malipo ya kwanza kwa sababu ya mashaka hayohayo.

Fikiria maana yake kwa shule ya mtaa. Shule isiyokuwepo ilipata nafasi kwenye listi. Shule iliyopo, yenye watoto wanaoonekana kwa macho, iliambiwa listi imejaa.

Na jimbo je? Katiba, kifungu cha 204, inaweka elimu ya chekechea, ya msingi na ya sekondari kati ya kazi za majimbo. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni yabaki jimboni. Kwa hivyo, kwa karatasi, gavana na wabunge wa jimbo ndio wangepaswa kuulizwa juu ya shule za Uvira. Kwa kweli mishahara inaamuliwa na kutumwa na Kinshasa, na ile asilimia 40 haijawahi kubaki kama ilivyoandikwa. Mbunge wa jimbo anaweza kumwita waziri wa elimu wa jimbo na kumuuliza maswali. Waziri anaweza kujibu, bila kusema uongo, kwamba feza haipiti kwake.

Kanisa nalo lina jibu la namna hiyo. Likiulizwa kwa nini mwalimu hajalipwa, linasema mwajiri ni Serikali. Serikali ikiulizwa kwa nini direkta anatoza, inasema msimamizi ni kanisa. Majibu yote mawili yana msingi ndani ya mkataba wa 1977, na mzazi anabaki katikati kama mpira.

Kibao cha Uganda

Kuna mfano wa karibu unaostahili kuangaliwa na watu wa pwani hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya Uganda ilikuwa ikituma ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kupitia wilaya. Wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuata feza hiyo hadi shuleni, wakakuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata, kwa wastani, asilimia 13 tu ya kilichotumwa. Shule nyingi hazikupata chochote, na wazazi hawakujua kwamba kuna kitu cha kupata.

Serikali ya Uganda ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na kuziamuru shule zibandike mlangoni kiasi kilichofika. Miaka michache baadaye sehemu iliyofika ilikuwa imepita asilimia 80. Wachumi wengine walisema baadaye kwamba gazeti halikufanya kazi peke yake, kwamba Uganda ilikuwa imebadilisha pia namna ya kutuma na kukagua feza, na wana haki. Hata hivyo karatasi ile ya mlangoni haikugharimu kitu, na ilimpa mzazi asiye na cheo jambo la kuuliza.

Uvira ina tayari vyombo vya kufanya hivyo. Kila shule ya umma inatakiwa kuwa na kamati ya wazazi na kamati ya usimamizi, na wazazi wana viti ndani yake. Listi ya malipo ya walimu inatoka kila mwezi na inajulikana na direkta. Amri ya gavana juu ya ada inatolewa kila mwaka. Hakuna hata moja kati ya karatasi hizo iliyo siri ya Serikali. Redio za mji zingeweza kuzisoma, na ukuta wa shule ungeweza kuzibeba. Kinachokosekana ni desturi, na pengine ni hofu: katika kamati nyingi mzazi anayekaa kitini ni mshirika wa kanisa lilelile linalosimamia shule, na mtu hapendi kumuuliza mchungaji wake juu ya faranga elfu mbili.

Makanisa yenyewe yangekuwa na faida ya kuanza. Yamekuwa yakidai kwa miaka mingi kwamba shule zake zinaongozwa vizuri kuliko za Serikali, na mara nyingi wazazi wanakubali, ndiyo maana wanazijaza. Hesabu zikibandikwa, madai hayo yangepata ushahidi. Zisipobandikwa, direkta mwaminifu na direkta mwizi wanaonekana sawa mbele ya mzazi, na huyo mwaminifu ndiye anayepoteza zaidi.

Mji uliobeba jimbo

Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, Uvira ilipata mzigo mwingine. Viongozi wa jimbo walihamia hapa. Benki za Bukavu zilifunga milango. Makumi ya maelfu ya watu wa bonde la Ruzizi na wa Uvira walivuka kwenda Burundi, na familia nyingine ziliingia mjini kutoka upande wa Kamanyola na Luvungi, na watoto wao walihitaji darasa. Mtoto aliyetoroka bila kijitabu cha alama hana namna rahisi ya kuthibitisha alikuwa darasa gani, na mwalimu aliyetoroka shule yake bado anaandikwa kule alikotoka.

Hapo mfumo wa listi unaonyesha udhaifu wake wote. Mshahara umefungwa kwa shule, shule imefungwa kwa namba, na namba haijui vita. Darasa la Kimanga au la Nyamianda likiongezeka watoto thelathini, hakuna mwalimu wa thelathini na mmoja anayekuja nao. Shule za mtaa zinachukua wengine, kwa sababu zina nafasi na haziulizi karatasi nyingi. Zinawatoza kidogo. Zingeishije?

Kuna mpaka mmoja wa gratuite ambao wazazi wengi wanaujua siku ya mwisho. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema elimu ya msingi ni miaka minane, yaani darasa la sita na miaka miwili juu yake. Gratuite ya 2019 ilisimama kwenye darasa la sita. Mtoto wa Kasenga aliyesoma miaka sita bila ada, akafaulu mtihani wa taifa, anaingia darasa la saba katika shule ileile ya mkataba, pengine katika uwanja uleule, na bei ya kuingia inasomwa kwa mzazi siku ya kuandikisha.